Mzigo wa Kilo Mia Moja na Kumi

Mama na Kaka,

Hivi, mtu huanzaje kumwomba radhi baba yake baada ya kumwita mzigo? Bado sijui. Chai imo kwenye chupa. Tafadhali msiifunike michoro yangu kwa vikombe.

Asubuhi Baba alikuja karakana kuliona lile lori kuukuu la jeshi tunalomtengenezea ili apande na kiti chake cha magurudumu. Akayakuta maandishi yangu ya chaki nyuma, penye lifti: “Mzigo: kilo 110,” yaani yeye pamoja na kiti chake. Kwetu wanafunzi wa uhandisi, hilo ni neno la kawaida tu. Akamgeukia fundi: “Mzigo umeshakula mkate, ongeza nusu kilo!” Tukacheka mpaka machozi. Kisha akaniambia kwa upole, “Mwanangu, nimeendesha malori miaka ishirini. Leo nipakiwe nyuma kama gunia?” Akakataa katakata kupanda.

~~Jioni tumbembeleze akubali kukaa nyuma.~~ Hapana. Tukimbembeleza, tutakuwa tumemkosea mara mbili.

Kaka, niletee ile spana kubwa. Nimeamua: kiti cha dereva kinang’olewa leo ili cha magurudumu kikae hapo, lifti inahamia mlango wa dereva, breki na eksileta zitakuwa za mkono, na Baba ataendesha mwenyewe. Nyuma tutakaa sisi, mzigo.

Kitindamimba wenu