Waliolala Nyumbani

Uvira, siku ya Mungu

Kwako yaya Ushindi, mkubwa wangu,

Hapa tunaendelea. Mama anakohoa kidogo, samaki ndagala zimeanza kutoka tena ziwani. Sina adresi ya kukutumia barua hii, lakini naandika.

Yaya, wamenikubali kusoma masta ya statistiki! Walitaka kuona kazi yangu moja, basi nilizunguka nyumba arobaini kule Bwegera nikihesabu watu. Kanuni ni moja: unahesabu tu waliolala mu nyumba usiku wa kuamkia leo. Lakini kila mama alinitajia na waliopotea mu vita. "Andika na Pontien, iko anarudi." Niliandika wote. Profesa akaniambia niwafute. Nilifuta watu thelathini na mmoja, karatasi ikawa safi, akanisifu. Nilifurahi, sikufichi.

Kisha fomu ya kuomba bourse, pesa ya masomo, ikauliza: nyumbani muko wangapi? Mama alijibu, "Tuko batano." Minye nikaandika wanne, nikatuma. Tangu utoke na jembe kwenda shamba la Nyakabere, usirudi, ni mwaka na miezi minne.

Jana mama aliona kopi ya ile fomu. Hakugomba. Alitoa tu mkeka wako juu ya kabati, akautandika pale pako karibu na mlango.

Asubuhi hii nimemkuta yeye mwenyewe amelala juu yake.

"Weye uliyesoma," aliniambia, "hesabu sasa. Hapa muntu amelala."

Mdogo wako aliyekufuta,
Ornella