Nsimba, Mwita Majina wa Lemba

Mwaka umetimia, Nsimba, tangu sauti yako iondoke hapa Lemba, na pacha wako Nzuzi amekubali mbele ya watu: siku ile ya wimbo wako mpya, mjinga alikuwa yeye.

Hapa Kinshasa mtu akitajwa ndani ya wimbo hulala mnyonge akaamka bwana mkubwa. Nzuzi alikuwa ameutangazia mtaa mzima kwamba safari hii zamu ni yake. Akavaa suti ya harusi, akachoma mbuzi, akatoa spika nje. Gitaa likapanda, watu kimya, wanasubiri majina. Ukamwita Mama Ekila muuza kwanga, ile mikate ya muhogo, aliyekulisha ulipokuwa hujulikani kabla hajarudi kijijini kwao. Ukamwita Bofando mbeba ngoma, aliyehamia Matadi. Nzuzi? Wapi! Wimbo ukaisha, mbuzi akaisha, majirani wakaaga wakimpa pole kama mfiwa.

Akakujia amevimba. "Tumelala tumbo moja, dada, halafu unamtaja hadi muuza kwanga!"

Hukuacha hata kuosha majani yako ya pondu. "Anayeitwa ni aliye mbali. Wewe nikuite utoke wapi, na kutwa uko jikoni kwangu unafunua masufuria?"

Asante, Nsimba. Asante kwa samaki wa chumvi, yale makayabu ya Jumapili, yaliyotosha bendi nzima na wote waliojidai bendi. Asante kwa kupanda jukwaani pekupeku, ukisema viatu ni vya wasiojua kucheza. Ulimkabidhi Mireille gitaa la solo wakati wakubwa wa muziki wakisema msichana atalivunja. Hajalivunja. Sasa anawafundisha wasichana wenzake uani kwako, nasi usingizi wa mchana tumeusahau.

Sisi ambao hatutakusahau kamwe, mama yako Ma Luzolo, mumeo Dikizeko, wanao Plamedi na Exaucé, mdogo wako Landu na huyo Nzuzi wako, juzi tulikaa kuandika haya. Nzuzi akaja na jipya: tuiombe bendi kubwa ikutaje katika wimbo wao.

"Mwaka mwingine ukipita hivi, hakuna atakayemjua!" akapaza sauti. "Jina lisipoitwa linakufa!"

Plamedi akamuunga mkono, Landu akapinga, nyumba ikawa soko. Huko uani wasichana walikuwa wamefika kwenye kiitikio chako.

Ma Luzolo akanyoosha mkono. "Nzuzi, funika hilo sufuria usikilize. Huyo unayetaka aitwe, ameenda wapi?"