Hamsini ya Nyumbani Kwako

Gombani, Chake Chake
Jumatano

Kwa dada yangu Mwatum,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na watoto, na kile kikohozi cha Yumna kimeshakwisha. Huku sote wazima, ila miguu. Dada, nimechoka uchovu ambao hata usingizi hauutoi, na bado nikimwona Silima anavua kofia mlangoni moyo unaniruka kama siku ya harusi. Mwezi wa pili huu! Utanicheka, najua.

Unaijua kazi yake ya kupima mita za umeme, kuona kama zinahesabu sawa. Mchana wanaume hawapo majumbani, naye hawezi kuingia kwa mke wa mtu. Ndiyo maana nikawa naingia mimi. Nazima kila kitu, nachomeka hita yake ya kupimia, nasimama mbele ya mita. Yeye yuko nje ya dirisha na saa. Ananiambia anza, na baada ya dakika tatu ananiambia basi. Hapo katikati nahesabu ile taa nyekundu inavyowaka na kuzimika. Mita nzima huwaka mara hamsini. Ikizidi, inamla mwenye nyumba. Bibi mmoja wa Makangale alimuuliza Silima ameoa mke au ameajiri karani, naye akajibu kuwa amepata wote wawili kwa mahari moja. Nilicheka mpaka nikasahau kuzima feni.

Siku tuliyofika kwako Wingwi, nyumba yako ilikuwa ya kumi na mbili, na barabara ilishatuvunja viuno kwenye vespa. Ulinieleza kuwa mita inakula, kwamba ukigandisha barafu zako za ukwaju za kuuza, umeme wa wiki nzima haufiki siku ya nne. Silima akaandika kuwa mita ni nzima, akatia saini. Ulituletea maji ya kunywa.

Juzi shemeji Othman alimpigia simu Silima kutoka Unguja. Alisema kama mita ni nzima, basi umeme unakwenda kwingine. Eti umemvutia jirani waya kwa siri na kumficha yeye mumeo, na friji ataiuza Ijumaa hii. Silima akamwapia kuwa kipimo hakina shaka, kwa sababu aliyehesabu ni mke wake mwenyewe. Nilikuwa nakuna nazi. Nikaiweka chini.

Dada yangu, sikuhesabu. Nilifika kumi na tisa, Silima akaanza kuimba taratibu huko nje ule wimbo wa harusini kwetu, nami nikaisahau mita, nikakusahau na wewe uliyesimama nyuma yangu. Aliposema basi, sauti yake ilikuwa imekauka kwa kuchoka, nikaona vigumu kumwambia tuanze upya. Nikasema hamsini.

Sijui mita yako ni mbovu au nzima. Hilo ndilo linaloniuma: wewe umeitwa mwongo, na mimi sijui lolote.

Nimemwambia Silima leo baada ya sala ya alfajiri. Hakupandisha sauti, laiti angepandisha. Aliitoa karatasi yako, akapiga mstari juu ya saini yake, akaandika kuwa nyumba haikupimwa. Akasema na zile kumi na moja za siku ile hawezi kuziamini tena, na ofisini atakwenda kusema mwenyewe, wakimfukuza wamfukuze. Kesho anakuletea barua hii, anakuja na Bi Rahila wa ofisini, huyo ndiye atakayehesabu. Mimi ameniambia nipumzike. Neno zuri, dada, lakini hakuniangalia alipolisema.

Ningeweza kupiga simu, ila nimeandika kwa mkono wangu ili uipige picha barua hii umtumie shemeji. Asome kuwa hakuna waya, kulikuwa na mimi tu. Friji isitoke ndani.

Wasalimie watoto na wote wa hapo Wingwi. Ukiweza kunisamehe, mwambie Silima, nimsikie yeye akinieleza.

Mdogo wako,
Safaa