Shati Jekundu Bandarini

Jumatatu, 3 Julai 1995
Tangu ziwa hili lijae maji halijapata kuona fundi wa injini za meli kama mimi. Na hapo nina wiki mbili tu za mafunzo. Darasa la saba, ndiyo. Injini haiulizi cheti.

Asubuhi kufuta mafuta sakafuni. Kisha injinia mkuu, tunamwita Chifu, akatufundisha kusikiliza beringi kwa bisibisi: ncha kwenye chuma, mpini sikioni. Magesa, mwanafunzi mwenzangu, kasikia kelele. Mimi nimesikia muziki.

Tumebaki mimi na yeye. Nafasi ya chini, kwenye injini, ni moja. Siku hizi meli ni ya tajiri, si ya serikali. Hawekwi mtu wa kupamba.

Jumatano, 5 Julai
Nimemtumia Bibi salamu kule Usagara: Jumamosi tunaondoka, njoo bandarini, tafuta shati jekundu. Kazi sijapata, lakini nimeshamwita. Ndivyo nilivyo.

Amejibu, ananikumbusha: gereji nilifukuzwa, kiwanda cha pamba nikakimbia, kila mara na maneno mengi. Safari hii ataamini akiniona melini kwa macho yake. Kanilea yeye. Lazima anione.

Ijumaa, 7 Julai
NIMEPATA!

Chifu katufunga macho kwa matambara. Taa zikizima ziwani, anasema, mkono ndio jicho. Anataja valvu, unaishika. Magesa kashika bomba la moto, yowe likafika Butimba. Mimi nimepita kama niko jikoni kwa Bibi. Moja ilinisumbua, nikaipata kwa harufu ya dizeli. Mtaa wetu wote wa Igogo unajua, nimewaambia mwenyewe.

Magesa kapewa kazi ya kamba, juu. Nimemwita mchunga kamba. Kacheka tu: "Sawa, Chifu mdogo." Shati lake limechanika mgongoni, nimempa langu jekundu. "Vaa, angalau kamba zikuheshimu." Mimi nina ovaroli mpya. Nitapanda nayo juu kumpungia Bibi, atashangaa zaidi.

Jumamosi, 8 Julai
Tumeondoka! Kengele ya nahodha inalia, Chifu anapokea: nyuma taratibu, simama, mbele. Sakafu inatetemeka hadi kwenye meno. Mikono yangu ndiyo iliyoitoa meli Mwanza!

Niliomba. "Chifu, nipande juu dakika moja tu."
"Ukafanye nini? Meli inaondokea hapa."

Mpaka kengele zilipotulia nikapanda, mji haukuonekana tena. Chini hakuna dirisha.

Jumapili, 9 Julai
Bukoba. Magesa kashuka na chai na habari.

Bibi alikuwepo. Alisimama mwisho kabisa wa gati, akilipungia kanga shati jekundu, akipiga vigelegele. Macho yake hayafiki mbali. "Nikaona aibu kumwacha hivyo, ndugu yangu. Nikampungia mpaka akawa mdogo."

Sikumtania. Shati kanirudishia, kalikunja vizuri.

Kazi ninayo. Injini haikukohoa hata mara moja. Kimeharibika kimoja tu. Bibi amerudi Usagara ameamini, na aliyemwona si mimi.