Doa Juu ya Meno ya Kushoto

Mpendwa mshauri,

Naomba uninyooshee jambo hili, kwa maana nimelizungusha kichwani wiki mbili na sioni mwanzo wala mwisho. Nina umri wa miaka sitini na sita, naishi Kamenu, na bado nafundisha Kiswahili katika shule ya kibinafsi. Jino la chini upande wa kulia lilinisumbua nikaenda kliniki moja hapa Thika, na mwalimu mwenzangu Dianah akanisindikiza, naye ni mtu mwema lakini jambo akilijua yeye, chumba kizima cha walimu kimelijua. Msichana wa eksirei, Mitchell, akaniambia kama anayemwambia bibi yake, "Shosho, toa hereni, mkufu, pini, chochote cha chuma," nami nikavitoa vyote isipokuwa kifaa cha kusikia kilichomo katika sikio langu la kulia, chini ya kitambaa cha kichwani, kwa kuwa hakuna anayejua kwamba ninacho, mkataba wangu utajadiliwa mwezi ujao, na tena bila kifaa hicho nisingesikia nikiambiwa niume wapi na nitulie lini. Dianah akanitania, "Mwalimu, na kitambaa je? Ama unatuficha mvi?" Nikamjibu, "Mvi hizi zilimfundisha mama yako kuandika." Wakacheka, picha ikapigwa.

Picha ilionyesha doa jeupe lenye ukungu juu ya meno ya nyuma, upande wa kushoto, ambako siumwi. Mitchell aliongeza na kupunguza mwangaza kwenye kompyuta, doa halikuondoka. Daktari wa Thika akanituma kliniki nyingine Kimbo, kule Ruiru, nikaenda na kifaa sikioni vilevile, na doa likatokea palepale. Daktari wa huko, Musau, akasema, "Mwalimu, mashine mbili haziwezi kukosea sawasawa," akanipangia kupasuliwa shavu Jumanne ijayo ili kipande cha nyama kikapimwe. Nikiwaza kwamba chanzo ni kifaa, najijibu kwamba kifaa kiko kulia na doa liko kushoto. Nikiwaza kwamba ni ugonjwa, sioni uvimbe. Je, niseme nifedheheke bure, au ninyamaze nipasuliwe?

Mwalimu, Kamenu

Mwalimu,

Utasema. Pole kwa hofu uliyo nayo, lakini mwanafunzi akikuficha nusu ya swali kisha akadai jibu kamili, humvumilii. Ndivyo ulivyowatendea madaktari wawili.

Nilimwuliza daktari wa meno kabla ya kukuandikia. Picha ya taya zima haipigwi kama ya pasipoti. Mashine hukizunguka kichwa, na chuma kilicho upande wa kulia, hata chenyewe kikibaki nje ya ukingo wa picha, huweza kutupa kivuli chake kushoto, juu zaidi, kikubwa na chenye ukungu. Kwa hiyo hoja uliyodhani inakiondolea kifaa lawama ndiyo inayokitia mashakani. Mashine mbili zilikubaliana kwa sababu kosa la Thika ulilibeba mpaka Kimbo. Kompyuta nayo hubadilisha mwangaza tu. Haiwezi kukifuta kilichokwisha kuingia pichani.

Sisemi kwamba huna ugonjwa. Mimi sijui, wewe hujui, na kwa picha hizo Daktari Musau pia hajui.

Nenda Kimbo peke yako. Dianah abaki shuleni. Kiweke kifaa juu ya meza ya daktari, umwambie kilikuwa sikioni mara zote mbili, na umwombe picha nyingine. Kabla hujakitoa, mpiga picha akueleze yote: mahali pa kuuma, shingo inyooke vipi, ulimi uguse kaakaa. Mkubaliane akuguse bega anapotaka kuanza, nawe usitikisike mpaka mashine isimame. Usiogope mionzi ya picha ya tatu. Ni midogo, na safari hii ina sababu. Doa likionekana tena, pasuliwa bila kubishana.

Mkataba utajadiliwa mwezi ujao, nawe utaingia katika kikao hicho ukiwa na kifaa sikioni, maana utahitaji kusikia wanachosema. Jumanne iko karibu zaidi. Nenda kesho asubuhi.