Picha Nyeusi Iliyomponza Tajewo

Hyasinta, acha unachofanya usome hii. Tajewo wa Nasha kajiponza kwa mdomo wake mwenyewe, tena mbele ya picha!

Yeye na mkewe walitoka mnadani hapa Karatu wakapita ukumbini, Mzungu mmoja mpiga picha alikotundika picha zake. Moja ni nyeusi tii kama chungu cha kande, chini ina kamstari keupe, basi. Mwalimu Martini kashika kidevu, eti, "Naona upweke wa mwanadamu."

Upweke! Nasha akamwona mumewe anavuta pumzi, akajua balaa hilo.

"Upweke gani, mwalimu? Hapo pamechomwa nyasi. Huo weupe ndiko ambako moto haukufika. Huyu kachoma vibaya. Mimi nilivyochoma kule juu, majani yaliota yote sawasawa!"

Na askari wa hifadhi kasimama hapo hapo! Kuchoma nyasi kule hifadhini ni marufuku, hata mtoto anajua.

Halafu Mzungu akasema hapakuwa na moto wowote. Ni kreta tu, lile shimo kubwa la volkano, kabla jua halijachomoza. Yaani kajitaja bure!

"Ulichoma wapi, baba?" askari akauliza.

Nasha akawahi. "Afande, huyu? Hajui hata kuwasha jiko!"

Ukumbi mzima kicheko. Askari naye akacheka, akageukia picha nyingine. Nasha akashusha pumzi, akajua yameisha.

Tajewo huyo, kamshika askari bega: "Nani hajui moto? Twende nikakuonyeshe!"

Wameondoka sasa hivi, Hyasinta. Yeye ndiye anayeongoza njia.