Injangwe Begani kwa Mama

Gihundwe, Kamembe
Rusizi, tarehe 9 Machi 2025

Mpendwa yaya Akilimali, mkubwa wangu,

Jambo sana, wewe na Béatrice na batoto wenu. Sisi huku tunapumua. Mvua inasumbua magoti ya mama yako, Maman Marguerite, lakini anakula, anasali, na kila asubuhi anauliza habari zako. Na joto la Tanga, umelizoea ao bado linakutesa? Nakuuliza kwa upendo, ijapokuwa moyo wangu haujatulia.

Yaya, ile picha ulitutumia ya pochette, lile jalada la albamu yetu. Nani alikutuma?

Mimi nilikuandikia wazi kabisa. Albamu inaitwa "Paka Weye". Okesta yetu inapiga pole pole, magitaa mawili na ngoma ya mkono, muziki wa watu wenye kukaa mbele ya nyumba wakimenya maharagi. Nikakutumia na wimbo wenyewe, uchore kile utasikia. Nikakuomba uweke sura ya Maman Marguerite, sababu ni yeye alinilea na ni yeye tumemwimbia. Kuchora njo kazi yako, ningemwomba nani mwingine?

Ukatuletea uso wa mama yako, na begani kwake injangwe nyeusi, ndevu zimesimama, macho ya kijani! Aka! Umezaliwa huku, unajua. Mjane mzee akiwekwa na injangwe, watu wanasema ni mulozi, mchawi wa kutembea usiku. Ntabaza, mpiga gitaa wetu, aliirudisha simu haraka kama sufuria ya moto. Majirani wameiona na sasa wanamsalimia mama wakiwa mbali.

Basi nikaanza kushuku. Kwanza nilimshuku Charlotte, mwenye alitoka kwenye okesta kwa hasira, na najua munaandikiana. Nikasema, huyu amemjaza yaya maneno. Kisha nikakushuku wewe mwenyewe: amekuwa muntu wa pwani, anatucheka. Nilimkataza hata Ntabaza asikujibu kitu.

Juzi Osée, dereva wa lori mwenye anafika mpaka Tanga, akaiona picha, akacheka mpaka akakaa chini. Akasema kwenu huko paka ni huyo mnyama wa kukamata panya, njo injangwe yetu! Hakuna muntu wa huko atajua kwamba "paka weye" ni "wewe tu, hakuna mwingine." Ee Mungu wangu, nikacheka na mimi. Nikaona haya kwa yale nilikuwazia.

Lakini usifurahi haraka. Kesho yake shaka ikarudi, na hii ni mbaya kuliko ya kwanza. Muntu akiusikiliza ule wimbo hata kidogo, anasikia mama anabembeleza mtoto, anamwambia paka weye njo wangu. Jina la mtoto linatajwa, yaya. Ni jina lako. Maneno yale ni ya mama yako mwenyewe, njo alikuwa anakuambia ukilia. Basi wimbo hukuufungua. Ulisoma kichwa tu, ukachora. Nikikosea, niambie.

Tafazali usituchoree kingine sasa. Sikiliza kwanza, kisha umpigie simu mama, si mimi.

Ntabaza anakusalimia, sasa hana neno na wewe. Na dada yetu Joselyne wa Nzahaha pia anakusalimia, anauliza kama batoto wamekua. Mungu awalinde nyumbani na njiani, na wewe akufungue masikio.

Na jua kwamba mama ameiona picha. Nilitaka kumficha, akaninyang'anya simu. Aliiangalia muda mrefu. Hakuuliza kama unamcheka, na uchawi hakuutaja. Aliuliza tu kama huko uko na hata muntu mmoja wa kusema naye luga ya nyumbani.

Ni mimi nakupenda hata nikikushuku, mdogo wako,
Gaju